Kitasa Kigumu: Mwongozo Kamili wa Kusafisha, Kulainisha na Kutunza Vitasa vya Milango

Kabla hujagusa kopo la mafuta, fungua mlango uwe wazi kabisa, kisha zungusha ufunguo ulimi utoke na kurudi mara tatu nne bila kugusa fremu. Kama unateleza vizuri mlango ukiwa wazi lakini unagoma mlango ukifungwa, kitasa hakina kosa: mlango na fremu havilingani tena, na hakuna mafuta yatakayotibu hilo. Kama unagoma hata mlango ukiwa wazi, shida imo ndani ya kitasa au kwenye ufunguo wenyewe. Jaribio hili huchukua nusu dakika, lakini watu wengi hulikwepa, wakamwaga mafuta kwenye tundu la ufunguo wiki baada ya wiki huku skrubu ya bawaba ya juu ikizidi kulegea.

Mlango ukiwa bado wazi, chomoa ufunguo polepole uutazame vizuri kwenye mwanga. Mifereji yake itakuambia mengi. Ukitoka na tope jeusi linaloganda kidoleni, ndani kuna mafuta ya zamani yaliyoshika vumbi. Ukitoka na unga mkavu wa kijivu au wa rangi ya shaba, kitasa ni kikavu na vyuma vinasagana. Unga wa kahawia ni kutu: maji yameingia. Ukijani ni shaba iliyokaa na unyevu.

Ndani ya silinda mna nini

Vitasa vingi vya kisasa vina silinda ya pini, muundo ambao Linus Yale Mdogo aliuboresha Marekani katika miaka ya 1860 na ambao haujabadilika sana tangu hapo. Ndani ya ganda kuna kiini cha mviringo kinachozunguka. Juu ya kiini kuna matundu matano au sita yaliyopangwa mstari mmoja, na kila tundu lina pini mbili zinazosukumwa na springi nyembamba. Ufunguo ukiingia, meno yake huinua kila pini hadi kiungo cha pini mbili kilingane sawasawa na ukingo wa kiini. Pini zote zikilingana, kiini kinazunguka. Moja ikibaki juu au chini kidogo tu, hakizunguki.

Nafasi iliyopo kati ya pini na tundu lake ni sehemu ndogo mno ya milimita, na springi ile haina nguvu kubwa. Vumbi kavu huweza kutikisika likatoka. Vumbi lililochanganyika na mafuta na unga wa shaba unaomomonyoka kwenye ufunguo hugeuka kuwa lami, na springi haiwezi kuirudisha pini chini kupitia lami. Kwa hiyo silinda nyingi haziharibiwi na ukavu. Zinaharibiwa na mafuta mengi yaliyowekwa kwa nia njema.

Kilainishi gani kiende wapi

Kitasa kimoja kina sehemu zenye mahitaji tofauti, na kosa kubwa ni kutumia kopo moja kila mahali.

Ndani ya silinda weka kilainishi kikavu. Cha kwanza kwa ubora ni dawa ya kupuliza yenye tefloni ya aina kavu: majimaji yake huyeyuka ndani ya dakika chache na kuacha utando mweupe mwembamba usioshika vumbi. Poda ya grafaiti nayo imetumika kwa miaka mingi na hufanya kazi vizuri, ila ina masharti matatu. Isichanganywe kamwe na mafuta ya aina yoyote, maana hapo inakuwa tope. Isitumike kwenye vitasa vya umeme, kwa sababu inapitisha umeme. Na mahali penye hewa ya chumvi iepukwe kwenye vitasa vyenye sehemu za alumini au chuma, kwani grafaiti ikikutana na unyevu huharakisha kuliwa kwa metali hizo. Kama una mashaka yoyote, chukua tefloni kavu.

Kwenye ndimi za kitasa, na kwenye sehemu zinazosuguana kwa nguvu ndani ya boksi (lile kasha lililozamishwa ndani ya mlango), weka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo sana. Bawaba za mlango zinataka mafuta mepesi ya mashine au grisi hiyohiyo. Silikoni ya kupuliza inafaa zaidi kwa mipira ya kuzuia hewa kwenye kingo za mlango na kwa sehemu za plastiki.

WD-40 ya kawaida, ambayo kila mtu huikimbilia, iliundwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma na kuzuia kutu. Inafaa kuokoa kitasa kilicholowa au kuyeyusha uchafu uliokauka. Lakini sehemu kubwa ya majimaji yake huyeyuka na kubakiza utando mwembamba wa mafuta, na ukiirudia mara kwa mara ndani ya silinda unajenga lile tope lilelile. Itumie kuoshea, kisha safisha, kisha weka kilainishi kikavu.

Mafuta ya kula yaache jikoni. Yakikaa hewani huganda yakawa kama gundi. Oili chafu ya injini ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba masizi na chembe za chuma. Grisi nzito kwenye tundu la ufunguo ndiyo hukumu ya mwisho: silinda iliyojazwa grisi mara nyingi haiokoki bila kufumuliwa na fundi.

Kusafisha na kulainisha silinda bila kuitoa

Andaa dawa ya kusafishia viungo vya umeme (ile inayokauka bila kuacha mafuta), kilainishi kikavu chenye mrija mwembamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, mswaki wa zamani na ufunguo usiochakaa. Tandika kitambaa au gazeti chini ya mlango, maana uchafu utakaotoka huacha doa. Kama mlango umepakwa rangi au vanishi, zungushia tundu utepe wa karatasi, kisha jaribu dawa kwenye kona isiyoonekana kabla ya kuanza.

1. Sugua ufunguo kwa mswaki na maji ya sabuni, uukaushe kabisa. Ufunguo mchafu unarudisha ndani kila ulichokitoa.

2. Ingiza mrija kwenye tundu, pulizia dawa ya kusafishia kwa sekunde moja hadi mbili. Fungua madirisha na usiwe karibu na moto, kwani nyingi ya dawa hizi hushika moto.

3. Ingiza na kuchomoa ufunguo mara kumi hivi bila kuuzungusha, ukiufuta kwa kitambaa kila unapotoka. Mwanzoni utatoka mweusi.

4. Rudia hatua ya 2 na ya 3 mpaka ufunguo utoke safi. Kitasa kilichopakwa mafuta kwa miaka kinaweza kudai mizunguko minne au mitano. Usikate tamaa kwenye wa pili, maana hapo ndipo lami huanza kulegea na kwa muda kitasa huonekana kigumu kuliko mwanzo.

5. Acha kikauke dakika kumi na tano. Ukiharakisha hapa, dawa iliyobaki itaosha kilainishi utakachoweka.

6. Weka kilainishi. Kwa tefloni kavu, mpulizo mmoja wa nusu sekunde unatosha. Kwa grafaiti, minya kichupa mara moja, mara mbili ukizidisha sana. Poda ikianza kumwagika nje ya tundu, umeshapitiliza.

7. Ingiza ufunguo, uzungushe mpaka mwisho pande zote mbili mara kumi, uufute, kisha rudia kwa upande wa pili wa mlango kama una tundu.

Ukikosa kilainishi kabisa na mlango unakusumbua usiku, sugua ncha ya penseli laini kwenye meno na mifereji ya ufunguo, uingize mara chache. Penseli ina grafaiti, lakini imechanganywa na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo iwe msaada wa dharura tu.

Kuitoa silinda

Silinda ndefu yenye umbo la tone, inayopita upande hadi upande wa mlango, hutoka kirahisi, na mara nyingine ndiyo njia pekee ya kujua kama tatizo ni silinda au boksi. Mlango uwe wazi na ubaki wazi muda wote wa kazi. Weka kiti au kabari, upepo usije ukaufunga.

Tazama ukingo wa mlango, kwenye bati la kitasa. Usawa wa tundu la ufunguo kuna skrubu moja ndefu. Ifungue yote. Sasa ingiza ufunguo na uuzungushe kidogo sana, kama digrii 10 hadi 15, huku ukivuta silinda taratibu. Katikati ya silinda kuna kidole cha chuma ambacho husukuma ulimi. Kikichomoza, silinda haitoki, na kikijificha ndani ya mwili wa silinda, inatoka bila ubishi. Upande mmoja ukigoma, jaribu kuzungusha upande wa pili. Usigonge kwa nyundo.

Ukiwa na silinda mkononi, zungusha ufunguo. Ikiwa laini hapo lakini ilikuwa ngumu mlangoni, lawama ni za boksi au za skrubu zilizokazwa kupita kiasi. Hili la pili hutokea sana: skrubu ndefu ikikazwa kwa nguvu huivuta silinda upande mmoja, na skrubu za bati la handeli huibana boksi zima. Legeza nusu mzunguko, jaribu tena. Vitasa vingi "vibovu" hupona hapo bila tone la mafuta. Unaporudisha, ingiza skrubu kwa vidole kwanza hadi ishike, kisha malizia kwa bisibisi mpaka silinda isicheze. Ikisimama, ishia hapo.

Kitu kimoja usifanye: usikitoe kiini kwenye ganda kama huna kifaa cha kushikilia pini. Springi huruka, na zikishatawanyika hazitakumbuka mpangilio wake.

Boksi la kitasa

Handeli inayoshuka na kubaki chini, ulimi wa mshazari usiorudi nje, au sauti ya kusaga unapofungua, vyote vinatoka kwenye boksi lililozamishwa ndani ya mlango. Toa silinda kama ilivyoelezwa, fungua skrubu za handeli, chomoa kile chuma cha mraba kinachounganisha handeli mbili, halafu fungua skrubu mbili za bati la ukingoni, juu na chini. Pitisha bisibisi kwenye tundu la mraba na uvute boksi nje taratibu. Kama rangi imelishika bati, kata kwanza kingo zake kwa wembe, la sivyo utabandua mbao.

Mara nyingi hakuna haja ya kulifungua boksi. Lisafishe kwa mswaki, pulizia dawa ya kusafishia kwenye matundu, litikise, liache likauke. Kisha paka grisi ya ukubwa wa punje ya mchele kwenye kila upande wa ulimi wa mshazari, kwenye ulimi wa ufunguo ukiwa umetoka nje, na tone kwenye kingo za tundu la mraba. Shusha na kuachia kwa kidole mara ishirini ili grisi isambae, kisha futa ziada yote. Grisi inayoonekana baada ya kazi ni grisi itakayokusanya vumbi.

Ukilazimika kulifungua, lilaze mezani mfuniko ukiwa juu, bonyeza mfuniko kwa kidole gumba wakati skrubu zinatoka, na uuinue wima. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote ndani. Springi iliyokatika utaiona mara moja, na hapo kulainisha hakuna maana: badilisha boksi. Pima vitu vitatu kabla ya kununua jipya: umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, umbali kati ya katikati ya tundu la mraba na katikati ya tundu la ufunguo, na urefu na upana wa bati. Tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kukulazimisha kutoboa mlango upya.

Vitasa vya zamani vinavyotumia ufunguo mrefu wenye meno mwishoni havina pini bali vibati vyembamba vinavyoinuliwa na ufunguo. Vibati hivyo viwe safi na vikavu. Mafuta huvigandisha viwili viwili, vikainuka pamoja, na ufunguo halali ukakataliwa. Grisi iishie kwenye ulimi na pale jino la ufunguo linapousukuma.

Mlango usiolingana na fremu

Sasa turudi kwa wale ambao kitasa chao kilifaulu lile jaribio la kwanza. Paka chaki au rangi ya mdomo kwenye ncha ya ulimi, funga mlango, jaribu kuzungusha ufunguo, fungua, utazame alama kwenye bati la fremu. Alama ikiwa ukingo wa chini wa tundu, mlango umeshuka. Ikiwa ukingo wa upande, mlango haufiki mwisho au umepinda. Kama huna chaki, inua mlango kwa handeli, kisha usukume, kisha uvute, huku ukizungusha ufunguo: mwelekeo unaolegeza kitasa ndio unaokuonyesha kasoro.

Kwa mlango ulioshuka, anza na bawaba ya juu, kwa kuwa ndiyo inayobeba mzigo wa kuvutwa. Kaza skrubu zake. Zikizunguka bila kushika, tundu limechakaa: toa skrubu moja moja, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zisizo na vichwa zilizopakwa gundi ya mbao, subiri hadi kesho yake, kata ziada, rudisha skrubu. Au tumia skrubu ndefu zaidi inayofika kwenye mbao nzima nyuma ya fremu.

Kama bado kuna kasoro ya milimita moja au mbili, panua tundu la bati la fremu kwa tupa bapa, ukipima kila baada ya misuguo michache. Zaidi ya milimita tatu, hamisha bati zima, maana tundu pana mno linaupunguzia ulimi mshiko. Ufunguo unaosimama kabla ya kumaliza mzunguko wake humaanisha tundu la ukutani ni fupi: ulimi unagonga mwisho. Chimba kwa patasi au drili mpaka ulimi utoke wote.

Mlango wa mbao uliovimba kwa mvua usiupige randa siku hiyohiyo. Msimu wa kiangazi ukirudi mbao itasinyaa na kukuachia mwanya. Piga tupa kidogo kwenye bati la fremu, kisha subiri.

Ufunguo

Ufunguo uliochongwa kutoka kwenye nakala, nayo ikatoka kwenye nakala nyingine, hubeba makosa ya zote. Ukilazimika kuuvuta nje kidogo au kuutikisa ndipo ufungue, ulinganishe na ule wa asili kwa kuvilaza pamoja kwenye mwanga. Tumia wa asili kama kielelezo cha kuchonga tu, na uuweke mahali pasipo na matumizi ya kila siku. Rundo zito la funguo linaloning'inia kwenye kitasa nalo hukila kiini upande mmoja.

Ukivunjika ndani, usiusukume. Hakikisha kiini kiko kwenye mkao uleule ambao ufunguo huingilia. Kama kiligeuka, kirudishe kwa bisibisi nyembamba, vinginevyo pini zitakishika kipande na hakitatoka. Puliza kilainishi kikavu, kisha ingiza bapa jembamba la msumeno wa kukatia mbao, meno yakielekea kwako, ubane kwenye meno ya ufunguo na kuvuta. Koleo ndogo inafaa kama kipande kimechungulia nje. Gundi ya haraka usiijaribu, maana tone likipotea njia hubandika pini milele.

Makufuli na vitasa vya umeme

Kufuli la nje linaishi kwenye mvua, kwa hiyo lioshe kama silinda, kisha weka kilainishi pia kwenye matundu mawili ya upinde, ukifungua na kufunga mara kadhaa. Mengi yana kitundu chini cha kutolea maji. Kizibue kwa waya mwembamba. Hapa, tofauti na mlango wa ndani, tone la mafuta mepesi kwenye upinde linakubalika kwa sababu kutu ni adui mkubwa kuliko vumbi. Kwa kitasa chenye betri, toa betri kwanza, lainisha ulimi tu, na usipulizie chochote kwenye vitufe. Injini yake ikilia kwa kujikakamua wakati wa kufunga, rudi kwenye jaribio la chaki: mlango usiolingana humaliza betri haraka.

Mara ngapi

Mlango wa ndani unatosheka na mara moja kwa mwaka. Mlango wa nje, mara mbili. Karibu na bahari, kando ya barabara ya vumbi au penye ujenzi, kila baada ya miezi mitatu au minne, na makufuli ya geti yaingie kwenye ratiba hiyohiyo. Kila safari kaza skrubu za bawaba na handeli kabla ya kuchukua kopo, na andika aina ya kilainishi ulichotumia kwenye kipande cha utepe kilichobandikwa ukingoni mwa mlango, ili atakayekuja baada yako asimwage mafuta juu ya grafaiti.